Urithi wa Kasese: Mali bila daftari hupotea bila habari

UCHAMBUZI

Barabara ya kutoka mji wa Kasese hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe haifiki kilomita 70, lakini msafiri anayeipita huvuka historia ya zaidi ya karne moja. Mjini Kasese kuna kituo cha reli iliyofika huko mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe. Karibu na Kikorongo kuna alama za mstari wa ikweta ambako watalii husimama kupiga picha. Upande wa kusini kuna ziwa la chumvi la Katwe, ambako Kapteni Lugard alijenga ngome ya Fort George mwaka 1891 ili kuidhibiti biashara ya chumvi. Mbele zaidi, kabla ya kufika Bwera, ipo Kagando, mahali ambapo viongozi wa Wakonzo waliopinga utawala wa Tooro na Waingereza walinyongwa mwaka 1921.

Kati ya hayo yote, linalojulikana zaidi ni mstari wa ikweta, ambao haukuwekwa na binadamu. Mengine abiria huyapita akiwa amelala kwenye teksi.

Hapo ndipo ilipo kazi ya wanafunzi. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda, lililoanzishwa mwaka 2006, limekuwa likisaidia shule za sekondari kuanzisha vilabu vya urithi. Vilabu hivyo vimefika katika shule zaidi ya 100 nchini. Wanachama wake hutembelea maeneo ya kale, huwahoji wazee, huchora picha kwa ajili ya shindano la kitaifa la urithi, na hurudi kijijini kuwaeleza watu wazima kwamba jiwe lile, mti ule au kaburi lile lina maana. Katika eneo la Rwenzori, ambako historia bado ina maumivu, kazi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana kwa mgeni wa heshima anayepigiwa ngoma siku ya sherehe.

Makala haya yana hoja moja. Uhamasishaji unaofanywa na wanafunzi ni jambo jema, lakini ukibaki nyimbo, michezo ya kuigiza na fulana hautaokoa kitu. Unapaswa kuzaa daftari: orodha ya maeneo, mipaka yake, wamiliki wake na maneno ya wazee wanaoyafahamu. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Urithi nao ni mali.

Mlima unaojulikana nusu

Tuanze na Rwenzori yenyewe, kwa sababu inaonyesha pengo lilipo. UNESCO iliiingiza Hifadhi ya Taifa ya Milima Rwenzori katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Mwaka 1999 iliwekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, wakati vita vya waasi wa ADF vilipozuia kazi ya askari wa wanyamapori, na ikaondolewa humo mwaka 2004. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba iliorodheshwa kwa vigezo vya maumbile peke yake: uzuri wa vilele, mimea na viumbe. Utamaduni wa watu wanaoishi kwenye miteremko yake haumo katika vigezo hivyo.

Kwa Mkonzo, mlima huo ni zaidi ya maumbile. Neno nzururu ni theluji, na ndilo lililozaa jina la Rwenzururu. Katika imani ya kale, Kithasamba, mwenye mlima, anakaa kwenye theluji. Mlima umegawanywa katika migongo, na kila mgongo una mkuu wake wa jadi, omukulu w'obulambo, anayesimamia masuala ya ardhi na matambiko ya eneo lake. Huo ni mfumo mzima wa utawala na uhifadhi, uliokuwepo kabla ya hifadhi kutangazwa.

Sasa theluji yenyewe inaondoka. Watafiti wanakadiria kwamba mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda vilele hivyo, barafu ilifunika takribani kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na tangu hapo imezidi kupungua. Shirika hilo la urithi liliwahi kuendesha mradi maalumu kuhusu jambo hili kwa Wakonzo, kwa jina linaloweza kutafsiriwa kama Theluji Inayoyeyuka na Mito Inayofurika. Jina hilo linasema yote. Hata kama barafu haiwezi kurudishwa, majina, maelezo na desturi zinazohusiana nayo zinaweza kuandikwa wakati wanaozijua bado wapo hai.

Mwanafunzi wa kidato cha pili hawezi kuzuia barafu kuyeyuka. Anaweza kumuuliza babu yake jina la kila kilele na kila kijito, na kuliandika kwa tahajia sahihi ya Lhukonzo. Hiyo ni kazi ya uhifadhi kama nyingine yoyote.

Mafuriko, ukimya na jembe

Vitu vinavyoutishia urithi wa Kasese ni vingi, lakini vitatu vinatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo.

Cha kwanza ni maji. Tarehe 1 Mei 2013, Mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu Kilembe na sehemu za mji wa Kasese. Mei 2020 mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilifurika kwa pamoja, ikafukuza maelfu ya watu majumbani mwao na kuiharibu vibaya Hospitali ya Kilembe. Mafuriko ya namna hiyo hayachagui. Yanabeba nyumba, madaraja, na pia makaburi, miti ya kale na mahali pa matambiko palipokuwa kando ya mto. Nyumba inaweza kujengwa upya kwa kuwa mwenyewe anakumbuka ilivyokuwa. Mahali ambapo hapajawahi kupimwa wala kupigwa picha, ukishapita mafuriko, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba palikuwepo.

Cha pili ni ukimya. Historia ya eneo hili imejaa damu, na wazee wengi wanachagua kutoisimulia. Mwaka 1962 harakati za Rwenzururu zilitangaza kujitenga na Tooro chini ya uongozi wa Isaya Mukirane, aliyekuwa mwalimu. Alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere aliteremka kutoka milimani mwaka 1982 baada ya makubaliano na serikali. Ufalme wa Rwenzururu ulitambuliwa rasmi mwaka 2008 na Mumbere akatawazwa Oktoba 2009. Miaka saba baadaye, tarehe 26 na 27 Novemba 2016, vikosi vya usalama vilishambulia ikulu yake mjini Kasese, na zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya siku hizo mbili. Mfalme alishtakiwa, mashtaka yakafutwa mwaka 2023, naye akarejea Kasese Oktoba mwaka huohuo.

Katika mazingira hayo, mtoto anayeuliza "hapa palitokea nini?" anauliza swali zito. Baba anaweza kunyamaza kwa kuogopa kuonekana mchochezi. Mwalimu anaweza kuruka ukurasa. Matokeo yake ni kizazi kinachojua tarehe za mapinduzi ya Ufaransa, lakini hakiwezi kueleza kwa nini watu watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walinyongwa Kagando.

Cha tatu ni jembe, na pamoja nalo tingatinga. Idadi ya watu inaongezeka, mashamba yanagawanywa, na mwenye shamba lenye kaburi la kale au mti wa ukoo ana watoto wa kulisha. Si haki kumlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba kipande hicho kina thamani, na aliyemwambia hakumpa chochote. Uchumi wa mpakani nao unazidi kukua. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022, na Uganda imekubaliana nayo kujenga barabara ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni. Malori yanaongezeka, viwanja vya Mpondwe na Bwera vinapanda bei, na kila kiwanja kinachouzwa kinaweza kuwa na historia chini yake.

Kwa nini wanafunzi?

Msomaji anaweza kuuliza: kazi hii si ya serikali? Kisheria ni ya serikali. Uganda ilikuwa na Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria tangu mwaka 1967, na sasa ina Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kale ya mwaka 2023. Hata hivyo Katiba ya mwaka 1995, katika lengo la 25 la malengo ya kitaifa, inautaja wajibu huu kuwa wa dola na wa raia kwa pamoja. Maofisa wa idara ya makumbusho ni wachache na wako Kampala. Maeneo yanayohitaji kutambuliwa ni mengi na yako vijijini.

Wanafunzi wana mambo matatu ambayo ofisi haina. Wanajua njia, kwa sababu wanapita hapo kila siku kwenda shule. Wanaaminiwa na wazee wao, ambao wangemwogopa ofisa mwenye gari na fomu. Na wanajua lugha. Mahojiano na bibi wa miaka 85 huko milimani hayawezi kufanywa kwa Kiingereza, na hata Kiswahili hakitatosha. Yatafanywa kwa Lhukonzo, kisha yaandikwe kwa lugha ambayo wengine wataisoma.

Kuna pia mfano wa kihistoria ambao hauko mbali. Katika miaka ya 1950, Mukirane na wenzake, akiwemo mwandishi Mwingereza Tom Stacey aliyetembea naye milimani, walianzisha chama cha kutafiti historia ya maisha ya Wakonzo. Walianza kwa kukusanya masimulizi ya wazee. Kazi hiyo ya kalamu na daftari ikawafanya watu wajitambue, na kujitambua kukazaa madai ya kisiasa. Anayedhani kukusanya historia ni mchezo wa watoto aangalie ilikowafikisha walimu wale.

Mfano huo una mafunzo mawili, na moja linaumiza. La kwanza ni kwamba vijana waliosoma kidogo wanaweza kubadilisha namna jamii inavyojiona. La pili ni kwamba historia ikikusanywa kwa upande mmoja inaweza kuwa silaha. Kasese si ya Wakonzo peke yao. Kuna Wasongora wafugaji, Wanyabindi, Watooro, Wabamba waliohamia, na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na reli na mgodi kutoka pande mbalimbali za Afrika Mashariki. Chumvi ya Katwe imegombewa na falme kadhaa kabla ya Lugard. Klabu ya urithi inayomhoji mzee wa kabila moja tu kuhusu mahali panapodaiwa na makabila mawili haitunzi urithi, inaandaa ugomvi. Kanuni iwe rahisi: kila mahali penye madai zaidi ya moja, masimulizi yote yaandikwe, kila moja kwa jina la aliyelitoa na tarehe, bila mwanafunzi kuamua nani mkweli.

Kujulikana peke yake hakutoshi

Wapo wanaoamini kwamba watu wakishajua thamani ya kitu watakitunza. Mifano ya jirani zetu inasema vingine.

Huko Zanzibar, hakuna mtoto asiyeijua Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa karne ya 19 na kusimama ndani ya Mji Mkongwe ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Umaarufu wake haukulizuia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka likiwa katika ukarabati, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Liliangushwa na matengenezo yaliyochelewa kwa miaka mingi, wakati kila mtu akilifahamu na kulisifu.

Makaburi ya Kasubi mjini Kampala yanatoa funzo lingine. Yaliungua tarehe 16 Machi 2010 na kuwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yaliondolewa humo mwaka 2023 baada ya ujenzi mpya. Ujenzi huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na picha, vipimo na maandishi, na kwa sababu ukoo wa Ngeye, wenye jukumu la kuezeka kwa jadi, bado ulikuwa na watu wanaoijua kazi na wanaoweza kuwafundisha vijana. Palipokuwa na kumbukumbu na ufundi, moto haukuwa mwisho.

Kenya nako kuna misitu ya kaya za Wamijikenda. Kuanzia miaka ya 1990 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wazee wa kaya, yalitambua misitu hiyo mmoja mmoja, yakaweka mipaka na kuitangaza katika gazeti rasmi la serikali kuwa kumbukumbu za taifa. UNESCO ilipoiorodhesha baadhi yake mwaka 2008, kazi ya msingi ilikuwa imekwisha kufanyika. Changamoto bado zipo, lakini anayetaka kuuza kipande cha kaya leo anakutana na ramani na sheria, pamoja na laana ya wazee.

Ukilinganisha mifano hiyo mitatu, mpangilio unaonekana wenyewe. Kwanza orodha na vipimo, kisha mpaka na sheria, kisha matunzo ya kila mwaka. Uhamasishaji unasaidia kila hatua, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya hata moja. Huko Kasese tumeanza na uhamasishaji, na hatari ni kuishia hapo.

Daftari lenyewe liweje?

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Tuchukue shule moja ya Bwera yenye klabu ya wanafunzi 30. Iwape kila wanafunzi watano eneo moja linalofikika kwa miguu. Kwa kila eneo waandike jina lake kwa lugha ya wenyeji, kijiji na kata, jina la ukoo unaolihusisha, hali yake leo, hatari inayolikabili, na simulizi ya mzee mmoja au wawili. Mwalimu mwenye simu ya kawaida anaweza kuchukua picha na alama ya mahali. Muhula mmoja unatosha kwa maeneo sita. Shule kumi zikifanya hivyo kwa mwaka mmoja, wilaya itakuwa na maeneo 180.

Nakala ziwe tatu: moja ibaki maktaba ya shule, moja ipelekwe ofisi ya kata, ya tatu kwa ofisa wa utamaduni wa wilaya. Hapa iwekwe tahadhari. Mahali pa siri pa matambiko, au kaburi lenye vitu vya thamani, pasitangazwe mitandaoni. Wazee wana haki ya kusema "hili andika, hili usiandike," na mwanafunzi afundishwe kuheshimu jibu hilo.

Mtaala unaruhusu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza Februari 2020 unadai kazi za vitendo na miradi, na asilimia 20 ya alama za mtihani wa kidato cha nne zinatokana na tathmini inayofanyika shuleni. Walimu wengi wanalalamika kwamba hawana miradi ya maana ya kuwapa wanafunzi, na wengine wanaishia kuwaagiza wazazi wanunue manila na gundi. Mahojiano na mzee wa ukoo hayanunuliwi dukani. Ni somo la historia, la lugha na la jiografia kwa wakati mmoja.

Baada ya orodha, zamu ni ya watu wazima. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya kata inaweza kuamua kwamba hakuna mti wa jadi ulio kwenye orodha utakaokatwa bila idhini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 nayo inatambua umiliki wa kimila na kuruhusu watu kuunda chama cha kumiliki ardhi kwa pamoja. Ukoo unaohofia kaburi la babu yao kuuzwa na mrithi mmoja unaweza kutumia njia hiyo. Wengi hawaijui, na hapa ndipo uhamasishaji wa wanafunzi ungepata ujumbe wenye faida: badala ya kuimba "tutunze urithi wetu," wawaeleze wazazi wao ni karatasi gani ya kuomba na katika ofisi ipi.

Wanaopinga wasikilizwe

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu la heshima.

Ya kwanza inatoka makanisani. Wakazi wengi wa Kasese ni Wakristo, na wapo wachungaji wanaoona kwamba kuwapeleka watoto kwenye maeneo ya matambiko ni kuwarudisha kwenye ushirikina. Mzazi mwenye hofu hiyo asidharauliwe. Lakini kuandika si kuabudu. Mwanafunzi anayeandika kwamba wazee walitambika chini ya mti fulani hatakiwi kutambika. Tena, sehemu kubwa ya urithi unaozungumzwa haina uhusiano na matambiko: kituo cha reli, mgodi, ngome ya Katwe, makanisa na misikiti ya kwanza, mahali pa mauaji ya Kagando. Klabu inaweza kuanza na hayo, ili imani ya watu isiguswe kabla ya kuaminiana.

Ya pili inatoka kwa wenye njaa, na ni nzito zaidi. Watu waliopoteza nyumba kwa mafuriko, wanaosubiri hospitali na daraja, kwa nini wasumbuliwe na mawe ya kale? Jibu ni kwamba hakuna anayependekeza fedha za daraja zihamishiwe kwenye mnara. Orodha inagharimu madaftari na muda. Na maarifa ya wazee kuhusu mto, ulipita wapi zamani, wapi palikatazwa kujengwa, wapi miti haikukatwa, ni taarifa ambayo mhandisi wa daraja angeihitaji. Kuyaacha maarifa hayo yafe na wenyewe, kisha kumlipa mtaalamu kutoka mbali aje kuyatafuta, ni hasara juu ya hasara.

Bwera ina sababu ya ziada ya kufikiri kuhusu kumbukumbu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua watu 42, wakiwemo wanafunzi 37. Namna ya kuwakumbuka ni uamuzi wa familia na jamii yao, na mtu wa nje hana haki ya kuwaharakisha. Lakini wanafunzi wa leo wa mpakani wanajua jambo ambalo wenzao wa mijini hawalijui: kwamba historia si ya babu tu. Wao wenyewe wameiishi, na siku moja wataulizwa. Kizazi kilichojifunza kuandika kwa uangalifu habari za mwaka 1921 kitaweza pia kuandika habari za 2023 bila chuki na bila uongo.

Urithi hauna paspoti

Suala la mwisho ni la kanda. Mpaka wa Mpondwe uliwagawa watu wa lugha moja: Wakonzo upande wa Uganda na Wanande upande wa Kongo. Mlima mmoja una hifadhi mbili, Rwenzori na Virunga. Ng'ambo, si mbali na Kasindi, kuna Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Hapo mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye alama zilizochongwa, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, ambao baadhi ya wataalamu wanauona kuwa miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa hesabu duniani. Mfupa huo uko Brussels. Mtoto wa Bwera anaishi mwendo mfupi wa gari kutoka ulikopatikana, lakini akitaka kuuona anahitaji viza ya Ulaya.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inazungumza sana kuhusu forodha, barabara na sarafu. Vilabu vya urithi vya Bwera na Kasindi vinaweza kubadilishana orodha zao bila kusubiri mkutano wa mawaziri, na hali ya usalama ikiruhusu, kutembeleana. Lugha ipo. Kiswahili kinazungumzwa Kasindi na Beni kila siku, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Wanafunzi wanaotafuta sababu ya kukijifunza watapata hapa: ni lugha ambayo simulizi ya bibi wa Bwera inaweza kusomwa Butembo, Bukoba na Mombasa.

Kwa hiyo yanayohitajika ni machache na yanajulikana. Wakuu wa shule wazipe vilabu saa mbili kwa wiki na mwalimu mmoja mwenye nia. Ofisi ya elimu ya wilaya ikubali orodha ya maeneo kuwa mradi unaohesabiwa alama. Halmashauri za kata zipokee madaftari hayo rasmi, ziyagonge mhuri, na ziyajadili katika kikao angalau mara moja kwa mwaka. Idara ya makumbusho ichague kutoka humo maeneo machache kila mwaka na kuyapa ulinzi wa sheria. Na wazee wakubali kuulizwa, wakati bado wapo wa kujibu.